Wimbo wa Mto Uliogeuzwa Maji

Wambeti alikuwa angali amefungua kinywa, na taa nyekundu ilikuwa imekwisha kuwaka.

Msomaji atakumbuka jinsi tulivyomwacha wiki iliyopita: ameketi jukwaani katika ukumbi wa hoteli moja mjini Meru, riwaya yake ya kwanza mapajani, watu wamejaa hadi mlangoni, na kipindi kikienda hewani moja kwa moja. Upande wa pili wa jukwaa alikuwa Mzee Kailemia na bendi yake. Katikati yao aliketi mtangazaji Kiunga. Huyu Kiunga alikuwa ameahidi kuuliza habari za kitabu na si zaidi, kisha akageuka ghafla na kuuliza swali ambalo wote walikuwa wamekubaliana lisiulizwe.

"Huyu Rwamba umemwandika kwa kitabu, huyu unasema ndiye mwenye hii wimbo ya Mzee, ni nani?"

Kando ya ukuta, kwenye meza ya mitambo, Maxine aliinua kichwa. Yeye ndiye mtayarishaji wa kipindi, na kabla ya watu kuingia ukumbini alikuwa amemwonya Wambeti bila kupepesa macho. Azungumze juu ya uandishi, azungumze juu ya masomo yake ya chuo kikuu kule Embu, azungumze hata juu ya hali ya hewa. Lakini jina la Rwamba likimtoka kinywani, sauti yake itazimwa. Stesheni haikutaka ugomvi na mtu ambaye wimbo wake ulifungua matangazo yake kila asubuhi.

Wambeti alikiona kidole cha Maxine kikisogea juu ya kitufe.

Akamfikiria nyanya yake. Kwa miaka mingi Rwamba alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo katika kanisa lao la Kiambere, mpaka siku alipowaambia wenzake kwamba "Nirudishie", ule wimbo uliopigwa redioni na katika kila arusi, aliutunga yeye. Walimcheka. Wazee wa kanisa wakamwita, wakamtaka aungame uongo wake mbele ya waumini. Alipokataa, akaondolewa kwenye kwaya. Tangu hapo watoto humwita Mama Redio, naye hajafungua kinywa kuimba, hata akiwa shambani peke yake.

Kulisafisha jina la nyanya yake ndiko kulikomfanya Wambeti aandike kitabu. Na leo Rwamba alikuwa ameketi nyumbani Kiambere, kando ya redio yake.

"Rwamba ni nyanya yangu," alisema. "Anaishi Kiambere. Wimbo huu aliutunga yeye, tena aliutunga kwa sababu ya..."

Sauti yake ikakatika.

Midomo iliendelea kusema. Watu wa viti vya mbele walimsikia kidogo; wa nyuma walimwona tu akitikisa mikono kama mtu aliye nyuma ya dirisha. Tangu alipoanza kuandika, Wambeti alikuwa ameamini kwamba ukweli ukielezwa kwa lugha safi hauhitaji msaada mwingine wowote. Sasa alijifunza kwamba unahitaji pia umeme.

Kailemia akacheka polepole. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na alijua kucheka ndani ya maikrofoni bila kuonekana mwenye dharau.

"Wasikizaji, maiki ya msichana imeamua kupumzika," alisema. "Hata vyombo vinajua."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Hakuwapa nafasi ya kupoa. Aligusa nyuzi za gitaa, mpiga ngoma akamfuata, na Joyline, mwimbaji wake wa kike, akaanza kuyumba taratibu. Juu ya mlio huo Kailemia akawasimulia hadithi waliyoipenda. Alikuwa kijana, wakati wa kiangazi, amechota maji kwenye mfereji kwa kibuyu. Akapita msichana mrembo, akaomba anywe, akanywa yote, akakimbia huku akicheka. Kailemia akamfuata akiimba: maji, nirudishie, umemeza, nirudishie. Maji hakuyapata. Alichopata ni mke.

"Na kwa wale hawasikii Kimeru," aliongeza, "ruuji ni maji. Hata mtoto wa nasari anajua."

Watu wakaimba naye. Wanawake waliotoka sokoni walisimama na kucheza palepale walipokuwa. Wambeti aliketi katikati ya furaha hiyo akihisi uso unamwaka, kwa sababu alijua kwamba Rwamba alikuwa akiyasikia yote: jina lake likikatwa, kisha kicheko, kisha wimbo wake ukichezewa.

Wimbo ulipokwisha alisimama. Hakuwa na maikrofoni inayofanya kazi, basi alimwendea Kailemia mwenyewe, akasimama mbele yake kwa adabu, mikono nyuma.

"Mzee," alisema, na maikrofoni ya Kailemia ikayanasa maneno yake, "naomba kukuuliza jambo moja. Ukinijibu, nitarudi kukaa, na kitabu changu nitakiondoa dukani mimi mwenyewe."

Maxine akatikisa kichwa kwa nguvu. Kiunga akamtazama Maxine, akawatazama watu walionyamaza ghafla, kisha akatazama pembeni kama asiyemwona. Kailemia angeweza kukataa. Lakini watu walikuwa wamemshangilia sasa hivi, na mtu aliyetoka kushangiliwa huona haya kumwogopa mtoto.

"Mfungulieni maiki," alisema. "Hata mimi nimelea wasichana. Ukiwanyamazisha ndio wanaongea zaidi."

Maxine akafungua, shingo upande.

Wambeti hakuuliza habari za Rwamba. Alimwuliza Mzee kama alikuwa na kiu. Kailemia akasema kuimba hukausha koo, ndiyo. Basi Wambeti akamwomba amwambie Joyline ampe maji, amwambie vile angemwambia mkewe jikoni, kwa Kimeru chao cha nyumbani.

Kailemia akageuka kwa mbwembwe. "Joyline. Ruuji."

Joyline akamletea chupa. Mzee akanywa, akapangusa mdomo, akawapungia watu mkono.

"Asante, Mzee. Sasa niimbie neno la kwanza la wimbo wako. Neno moja tu."

Kailemia akafunga macho, akavuta pumzi, akaimba kama alivyoimba maisha yake yote.

"Runji..."

Neno likaning'inia hewani. Hakuliendeleza. Macho yake yalifunguka.

Joyline alikuwa angali ameshika kifuniko cha chupa. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akakifunika kwa kiganja.

"Kwa Kimeru, maji ni ruuji," alisema Wambeti. "Umetuambia mwenyewe, na umeyanywa mbele yetu. Lakini katika wimbo hujawahi kuimba ruuji. Unaimba runji. Kwetu Mbeere, kule Kiambere, maji huitwa manji. Runji si maji, Mzee. Runji ni mto."

Kule nyuma mwanamke mmoja mwuza ndizi akasema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ulikuwa umetulia hata kila mtu akamsikia, "Hiyo ni kweli. Mimi nimeolewa huku na nimetoka Siakago, hukohuko Mbeere. Runji ni mto."

Watu wakaanza kunong'ona. Kiunga akajikuta ameegemea mbele, amesahau kadi zake za maswali.

Msomaji, ukidhani mambo yaliishia hapo, humjui Kailemia. Mtu hakai jukwaani miaka yote hiyo kwa sauti peke yake. Aliiweka chupa chini taratibu. Akawaeleza watu, kwa upole wa mwalimu, kwamba mdomo wa mwimbaji una sheria zake. Ruuji ni neno jepesi, ukilivuta linavunjika. Ukiweka ile sauti ya puani katikati, linapata tumbo, linajaa. Ndiyo maana aliligeuza. Akawaimbia kwanza kwa ruuji, makusudi kwa sauti nyembamba, kisha kwa runji, kwa kifua chote. Tofauti ilikuwa kubwa.

"Huyu mtoto amesoma vitabu," alimalizia. "Mimi nimesoma masikio ya watu. Kama kila mtu akibadilisha herufi anaitwa mwizi, basi nusu ya Meru ingekuwa ndani."

Makofi yakapigwa, na kutoka kila upande.

Yule mwuza ndizi naye alikuwa akicheka na kupiga makofi. Kiunga alitazama saa, akaanza kusema kwamba ulikuwa wakati wa matangazo ya biashara, na kwamba wakirudi wangezungumza na mgeni mwingine. Maxine alikuwa tayari ameinua mkono kuhesabu. Baada ya hapo Rwamba angebaki Mama Redio mpaka kaburini, tena sasa si Kiambere tu, bali popote mawimbi ya stesheni hiyo yalipofika.

Hapo Wambeti akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Aliimba.

Hakuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu kidogo. Lakini aliimba kama alivyomsikia Rwamba akiimba jioni zile za utotoni, kabla ya wazee wa kanisa kumwita: bila ngoma, bila gitaa, polepole mno, kila neno likisubiri kujibiwa na kitu kisichojibu.

*Mto, nirudishie.*
*Umemeza, nirudishie.*

Mkono wa Maxine ulibaki juu. Hakuushusha.

Wale waliokuwa wamesimama kucheza walikaa mmoja mmoja. Walikuwa wameucheza wimbo huu katika arusi zao na za watoto wao, na sasa hawakujua waifanye nini mikono yao. Kufikia mstari wa pili, Joyline aliingia kwa chini akiitikia, macho yake sakafuni, wala hakumtazama Mzee wake kuomba ruhusa. Mpiga ngoma aliviweka vijiti vyake mapajani.

Alipomaliza hakukuwa na makofi.

Kiunga aliweka kadi zake chini. Kisha akauliza, na halikuwa mojawapo ya yale maswali anayouliza kwa sauti ya redio, "Mtu anaambia mto umrudishie nini?"

"Mume," alisema Wambeti.

Akaeleza kwa maneno machache. Nyanya yake alikuwa ameolewa juzijuzi tu, na mama yake Wambeti alikuwa bado mgongoni. Ulikuwa wakati ule maji ya bwawa yalipokuwa yakipanda na mto Thagana ukiacha njia zake za zamani. Babu yake aliingia mtoni kumfuata ng'ombe aliyekwama ng'ambo. Ng'ombe alirudi. Watu walitafuta mpaka wakachoka. Hapakuwa na mwili wa kuzikwa. Kwa kuwa hapakuwa na kaburi, Rwamba alikwenda kulilia ukingoni. Aliutunga wimbo huo palepale, akauimba jioni baada ya jioni, kisha akaacha kwenda. Hakuwahi kuuimba mbele ya umati.

"Sisemi Mzee Kailemia ni mwizi," alimalizia, na alimaanisha. "Sijui aliupata wapi. Ninachotaka ni kitu kimoja: watu wajue kwamba Rwamba hakusema uongo."

Akamgeukia Kailemia akitarajia mzaha mwingine.

Kailemia hakuwa na mzaha. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa ameivua gitaa begani na kuishika shingoni kama mtu aliyeambiwa airudishe.

"Huyo mume," alisema. "Jina lake?"

"Aliitwa Muchangi."

Mzee aliketi. Kiti hakikuwa nyuma yake sawasawa, na Joyline ndiye aliyekisogeza kwa haraka asianguke.

"Hii wimbo si yangu," alisema.

Ukumbi ulivuma. Kiunga akainua mikono kuwatuliza. Kailemia akaendelea, bila kumtazama mtu yeyote, akasema kwamba ile hadithi ya mfereji na kibuyu aliitunga yeye ili apate la kusema redioni, na kwamba mkewe alikuwa amemwomba mara nyingi aiache. Akasema kama kuna mzee wa kanisa wa Kiambere anayesikiza, basi na asikie vizuri: mama waliyemtoa kwenye kwaya alisema kweli.

Wambeti alifunika uso. Machozi yalimtoka, wala hakujali. Limekwisha, alijiambia. Nyanya amesikia. Limekwisha.

Maskini Wambeti. Laiti mtangazaji angekata hapo na kuweka tangazo la mbolea.

"Basi Mzee uliitoa wapi?" Kiunga aliuliza.

"Nilifundishwa. Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya kupasua mbao kule juu karibu na msitu. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa huko chini. Mchana haongei. Jioni anaimba hii kitu, polepole, hivyohivyo vile msichana ameimba. Nikamwuliza runji ni nini, akanyamaza. Mimi nikaifananisha na ruuji. Nikaona ni maji. Nikaweka ngoma." Alilamba midomo. "Alikuwa na shida ya kuongea. Neno linamkwama hapa kooni, anapiga mguu chini ndio litoke. Lakini akiimba, hakuna kukwama."

Wambeti aliinua uso.

Kigugumizi cha babu yake hakuwa amekiandika kitabuni, wala hakuwa amekitaja leo. Alisimuliwa na Rwamba mwenyewe, usiku mmoja wa mvua, na Rwamba alikuwa amecheka kidogo akiigiza ule mguu ukipigwa chini.

"Alikuwa anaitwa nani?" Kiunga aliuliza, ingawa kila aliyekuwa ukumbini alikuwa ameshajua.

"Muchangi."

Kwa mara ya kwanza Wambeti aliuona wimbo ule kwa upande wa pili. Rwamba aliutunga baada ya mto kumchukua mumewe. Aliuimba ukingoni tu, jioni, akidhani hapana anayemsikia. Basi mtu aliyeujua, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, ni lazima alikuwa amejificha mahali karibu na ukingo huo, akisikiliza akililiwa. Na baada ya kusikia, akaondoka.

Alitamani kuyarudisha maneno yake yote. Alikuwa amekuja kumrudishia nyanya yake jina. Alikuwa karibu kumnyang'anya ujane wake.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "tafadhali. Inatosha."

Lakini Kailemia alikuwa mtu aliyeshusha mzigo nusu, na mtu wa namna hiyo hawezi tena kusimama njiani.

"Mimi sikujua ana watu," alisema. "Nakuapia, mjukuu. Alituambia hana mtu. Yuko pale Nkubu, si mbali na hapa, ana nyumba ndogo na kuku. Leo asubuhi nimepitia kwake, nikamwambia tutaimba ile yake kwa redio. Nikamwekea stesheni."

Maxine aliiacha meza ya mitambo. Tangu kipindi kianze hakuwa amepanda jukwaani hata mara moja. Sasa alipanda, simu moja katika kila mkono, skrini zote mbili zikiwaka. Alijaribu kunong'ona, ila maikrofoni zilikuwa wazi, na kila redio ikamnasa.

"Laini mbili zinangoja," alisema. "Hii ni ya Kiambere, mama mzee, amekataa kukata. Na hii ni ya Nkubu. Haongei. Nasikia tu mtu anapiga mguu chini."

Kiunga alitazama simu ya kwanza, akatazama ya pili. Kisha akaisukuma maikrofoni yake polepole mpaka ikasimama mbele ya Wambeti.

"Ni watu wako," alisema. "Tufungue ya nani?"